Kodi imeingia, hela imeenda wapi? Hesabu ya nyumba ya kupangisha kwa anayeanza

Kiswahili chetu kina neno moja linalowachanganya sana wenye nyumba wapya, nalo ni kodi. Mpangaji anakulipa kodi, wewe unailipa serikali kodi, na kipande kingine cha hiyohiyo kodi kinalipa fundi, kinalipa bima, kinafidia miezi ambayo nyumba ilikaa tupu, na mwisho wa mwaka unakaa unatafuta hiyo hela iko wapi huioni. Mtu amenunua au amejenga kwa jasho la miaka mingi, anapata mpangaji, anachukua kodi anazidisha mara 12 na kuanzia hapo anaishi kama aliyeongezewa mshahara, alafu siku pampu ya maji imeungua anaenda kukopa. Nimeliona hili kwa watu makini kabisa, sio wazembe, ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa nao chini akawaonyesha hela ya nyumba inapita kwa nani na nani kabla haijawa yao. Ndo nataka tufanye hapa, taratibu, kwa namba, na mambo ya wapangaji na mikataba na mafundi tutayashika humohumo maana yote yanarudi kwenye hesabu hii.

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Bei milioni 100, kwa hela yoyote unayotumia wewe, na kodi ni laki 8 kwa mwezi. Anayekuuzia atakwambia haraka kwamba hii inarudisha asilimia 9.6 kwa mwaka, na hajadanganya, laki 8 mara 12 ni milioni 9.6, gawa kwa milioni 100 umeipata. Hiyo inaitwa faida ghafi na ndo namba inayoandikwa kwenye matangazo yote. Shida yake ni kwamba imehesabu kodi ya mwaka ambao haujawahi kutokea, mwaka ambao hakuna kilichoharibika, hakuna mpangaji aliyehama na hakuna ofisi yoyote iliyotaka chochote kutoka kwako.

Kwanza ile milioni 100 yenyewe sio bei. Kuna mwanasheria, kuna kuhamisha hati, kuna ushuru wa serikali, kuna rangi na vitasa na yale mabomba uliyokuta yanavuja baada ya kukabidhiwa funguo. Tuseme mpaka mpangaji wa kwanza anaingia umetumia milioni 110. Hiyo ndo namba ya kugawia, sio 100.

Sasa upande wa kodi. Weka mwezi mmoja kwa mwaka wa nyumba kukaa tupu, sio kila mwaka itakaa tupu lakini mwaka mwingine itakaa miezi miwili mitatu kwahiyo wastani wa mwezi ni wa haki, tunabaki na milioni 8.8. Dalali anachukua chake kila mpangaji anapobadilika, tuseme mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili, yani laki 4 kwa mwaka, 8.4. Matengenezo, hapa wengi wanaweka sifuri kwasababu nyumba ni mpya, usifanye hivyo, kanuni ya wazoefu ni kutenga kama asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka hata kama mwaka huo hujatumia, milioni 1, tunabaki na 7.4. Bima na tozo za ardhi au jengo laki 6, 6.8. Usafi wa nje, taa za nje, taka, mtu wa kuangalia, laki 5, 6.3. Alafu kodi ya serikali, kila nchi na yake, tuseme asilimia 10 ya kodi iliyoingia, laki 8 na elfu 80. Imebaki milioni 5.42. Gawa kwa 110 unapata asilimia 4.9.

Kutoka 9.6 mpaka 4.9 na hatujaweka balaa lolote. Hakuna mpangaji aliyekimbia na kodi ya miezi minne, hakuna paa lililong'oka, ni mwaka wa kawaida kabisa. Sisemi hivi kumkatisha mtu tamaa, asilimia 4.9 kwenye mali ambayo kodi yake kwa kawaida inapanda na miaka inaweza kuwa biashara nzuri tu, inategemea hela yako ingefanya nini pengine, ninachosema ni kwamba uamuzi wa kununua ufanyike kwa 4.9 na sio kwa 9.6. Na hela ya kula na familia ni ile milioni 5.42, yani kama laki 4 na nusu kwa mwezi, wakati mpangaji anakutumia laki 8. Zile laki 3 na nusu nyingine zinakaa kwako kwa muda tu, zina wenyewe, na wenyewe watakuja.

Wawekezaji wa Marekani wana kanuni zao za haraka ambazo siku hizi zinasambazwa kila mahali, moja inasema kodi ya mwezi iwe angalau asilimia 1 ya bei ya nyumba, nyingine inasema nusu ya kodi itaenda kwenye gharama kabla hata ya mkopo. Zichukue kama chekeche la kutupa nyumba mbaya haraka. Ile ya nusu naipenda zaidi kwasababu haimpambi mtu, na ukiangalia mfano wetu gharama zimekula milioni 4.18 kati ya 9.6, sio mbali sana na nusu.

Mkopo: hapa ndo watu wanaumia

Kuna ushauri unapita sana kwamba tajiri hanunui nyumba kwa hela yake, anakopa benki, mpangaji analipa mkopo, baada ya miaka kadhaa nyumba ni yako bure. Huu ushauri kuna mahali ni kweli na kuna mahali unaua, na kinachotenganisha ni hesabu ndogo tu.

Rudi kwenye nyumba yetu. Umeweka milioni 40 zako, umekopa 70 kwa riba ya asilimia 12, miaka 15. Rejesho la kila mwezi linakuja kama laki 8 na elfu 40. Kodi ni laki 8. Yani hata kama mpangaji asingehama maisha, koki isingevuja na serikali ingekusahau, kodi yote kama ilivyo haifiki rejesho. Ukitoa gharama tulizozihesabu, kila mwaka unatakiwa kuchomoa mfukoni kwako kama milioni 4.66 kuilipia nyumba ambayo uliambiwa itajilipa yenyewe. Na angalia kinachotokea ndani ya hayo marejesho, mwaka wa kwanza unalipa benki milioni 10 na kidogo lakini deni linapungua milioni 1.8 tu, iliyobaki yote ni riba, kwasababu miaka ya mwanzo riba inakokotolewa kwenye deni ambalo bado ni kubwa.

Sasa mpe mtu mwingine nyumba ileile, kodi ileile, gharama zilezile, ila yeye anakopa kwa asilimia 4 miaka 25. Rejesho lake ni kama laki 3 na elfu 70 kwa mwezi, milioni 4.43 kwa mwaka, anabaki na karibu milioni 1 mkononi na juu ya hapo deni lake limepungua kama milioni 1.66. Kwenye milioni 40 alizoweka mwenyewe ni asilimia 6.6, imezidi ile 4.9 ambayo angepata kama angenunua taslimu. Huyu mkopo umemsaidia kweli.

Tofauti yao ni moja, kwa mmoja riba iko juu ya kile nyumba inachozalisha baada ya gharama na kwa mwingine iko chini. Nyumba ikizalisha 4.9 na benki inataka 12, kila hela unayokopa inakurudisha nyuma, ukikopa zaidi unarudi nyuma zaidi. Kwahiyo ukisikia mtu anaelezea jinsi alivyofika nyumba kumi kwa mikopo muulize kwanza alikopa kwa riba ngapi na miaka mingapi, na kama riba inaweza kupandishwa katikati au imefungwa, maana ushauri wake unaweza kuwa wa kweli kabisa kwake na ukawa sumu kwako.

Wapo watakaosema hayo yote sawa lakini nyumba inapanda thamani. Inaweza kupanda, mara nyingi hupanda, lakini fundi bomba halipwi kwa thamani, analipwa kwa hela, na nyumba huwezi kuuza dirisha moja ukalipa rejesho la mwezi huu. Upandaji wa thamani uuweke pembeni kama zawadi ikija, usiuweke kwenye hesabu inayoamua kama utalala usingizi. Na kabla ya kununua kwa mkopo hakikisha una akiba ya angalau miezi mitatu ya rejesho pamoja na gharama, ikifika sita ni bora zaidi, imekaa pembeni haiguswi, kwasababu nyumba tupu na rejesho haviulizani.

Kodi ya kupanga kiasi gani

Mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu ni asilimia 8.3 ya kodi ya mwaka mzima. Iweke kichwani hiyo namba maana inabadilisha jinsi unavyofikiria kupandisha kodi.

Una mpangaji mzuri, analipa kwa wakati, anatunza. Unataka kumpandishia asilimia 10, anagoma anahama, nyumba inakaa tupu miezi miwili ndo unampata anayelipa hiyo mpya. Mwaka huo umepokea miezi 10 kwa kodi ya juu, sawa na miezi 11 ya kodi ya zamani, wakati ungemwacha yule wa kwanza ungepokea 12. Ile miezi miwili uliyopoteza inahitaji miezi 20 ya kodi mpya kurudi, na bado hujahesabu dalali na rangi. Kwahiyo kwa mpangaji mzuri panda kidogo kidogo, kila mkataba ukihuishwa, mwambie mapema na mweleze sababu. Ambacho hakifai ni kukaa miaka sita bila kugusa kodi kwa aibu alafu siku moja unataka kupandisha nusu nzima, hapo unamwonea na yeye na unajiumiza wewe, na sehemu nyingine sheria yenyewe haitakuruhusu.

Na kodi ya kuanzia usiipange kwa rejesho lako la benki. Mpangaji hajui umekopa kiasi gani na wala hamhusu, anaangalia nyumba zinazofanana na yako zinapangishwa kiasi gani. Tafuta nyumba tano sita zinazofanana kweli, idadi ya vyumba, maji, maegesho, umbali wa usafiri, na usiangalie bei zilizotangazwa tu, uliza zilizopata mpangaji zilikubaliana kiasi gani. Ukitangaza nyumba wiki mbili watu wakapiga simu wakaja wakaangalia wakaondoka kimya, nyumba inakwambia bei iko juu, wasipopiga simu kabisa basi au bei iko mbali sana au picha zako ni mbaya.

Mpangaji

Watu wanadhani hasara kubwa ni nyumba tupu. Nyumba tupu inakupotezea kodi tu, mpangaji mbaya anakupotezea kodi, nyumba na muda, na kumtoa kunaweza kuchukua miezi mingi kutegemea mahakama za mahali ulipo. Ndo maana wiki mbili za kuchagua vizuri sio wiki zilizopotea.

Andika vigezo vyako kabla hujatangaza na uvitumie kwa kila mtu bila kubadilisha. Kipato, kipimo cha kawaida ni kodi isizidi karibu theluthi ya anachoingiza kwa mwezi, na uone ushahidi, karatasi ya mshahara au miamala ya biashara. Kitambulisho, na jina liwe lilelile linaloandikwa kwenye mkataba. Alafu mwenye nyumba wake wa zamani, na hapa kuna jambo dogo wengi hawalijui, usimpigie yule anayekaa kwake sasa peke yake, mpigie na wa kabla yake. Wa sasa kama mpangaji anamsumbua ana kila sababu ya kumsifia ili mwingine amchukue, wa kabla yake hana cha kupata wala kupoteza, huyo atakwambia ukweli. Muulize swali moja tu, ungempangisha tena? Sikiliza anachojibu na sikiliza pia anachukua muda gani kujibu.

Kutumia vigezo vilevile kwa wote kunakukinga na sheria vilevile. Marekani tangu 1968 ni kosa kumnyima mtu nyumba kwa rangi, dini au asili yake, na baadae sheria ikaongezwa jinsia, ulemavu na kuwa na watoto, na nchi nyingi zina kitu cha namna hiyo. Mbali na sheria ni hesabu mbaya pia, umemkataa mama mwenye watoto wawili ambaye angekaa miaka saba kwasababu watoto wanasoma karibu, umemchukua kijana anayehama baada ya miezi minane.

Ndugu na marafiki, ukiamua kumpangisha fanya mkataba uleule. Na kama unataka kumpunguzia, andika kodi kamili na punguzo, ili siku linapoisha isionekane umempandishia.

Depoziti sio hela yako

Hili nalisema kwa uchungu kwasababu ndo chanzo cha ugomvi mwingi kuliko kingine chochote. Depoziti ni hela ya mpangaji uliyoshikilia. Iweke kwenye akaunti ya depoziti tu, usiichanganye na kodi, usijengee ukuta. Siku mpangaji anahama anaitaka na wewe umeshaitumia, unaanza kutafuta makosa ukutani ili usirudishe, na yeye akijua hivyo anaacha kulipa kodi ya mwezi wa mwisho anakwambia kata kwenye depoziti, basi kinga yote imekufa.

Kiasi chake na jinsi ya kuishika inatofautiana sana. Ujerumani haizidi kodi ya miezi 3 na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu 3. England tangu 2019 kwa nyumba nyingi ni wiki 5 tu, na mwenye nyumba ana siku 30 za kuiweka kwenye mfumo maalum wa ulinzi. Uliza ya kwenu kabla hujapokea hata senti.

Kitu kinachowachanganya watu ni nini unaruhusiwa kukata. Uchakavu wa kawaida ni wako wewe, uharibifu ni wa mpangaji. Rangi kufifia, zulia kulala njia ya kupita, kitasa kulegea, huo ni uchakavu, ulishalipwa kwenye kodi. Mlango uliotobolewa, sinki lililopasuka, huo ni uharibifu. Na hata kwenye uharibifu hesabu ni ya kilichobaki, kama rangi ya ndani inadumu miaka mitano na mpangaji amekaa minne, hata akiwa ameuchafua ukuta wote humkati gharama ya kupaka nyumba nzima, unamkata moja ya tano, maana miaka minne imeshaliwa kihalali.

Yote haya hayana maana bila ushahidi wa nyumba ilivyokuwa siku ya kuingia. Pita na mpangaji chumba kwa chumba, piga picha za kila ukuta, fungua kila koki, washa kila taa, vuta kila choo, piga picha mita ya maji na ya umeme namba zionekane, andikeni mlichokiona, wote msaini, kila mtu abaki na nakala. Ni saa moja ya kazi.

Maji

Ukiniuliza nyumba inaliwa na nini nitakwambia maji, na sio mafuriko, maji madogo.

Niliwahi kusimamia nyumba ya ghorofa, mpangaji wa juu akatuma ujumbe kwamba vigae viwili bafuni vinacheza. Ile simenti nyembamba ya kujazia katikati ya vigae ilikuwa imetoka kwenye kona, mstari wenye urefu kama wa kidole. Mwenye nyumba akasema tutaangalia mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukawa miezi mitatu. Siku nimeitwa chini nikakuta kwenye silingi bodi kuna duara la kahawia, kama alama inayoachwa na kikombe mezani ila kubwa, nikapanda kwenye kiti nikabonyeza kwa kidole gumba na kidole kikazama chote ndani. Tulipofungua mbao zilikuwa nyeusi, waya wa taa umelowa, na harufu ile ya uozo ikashuka chumba kizima. Kazi iliyokuwa ya nusu siku ya fundi vigae ikawa fundi mbao, fundi umeme, fundi rangi, na mpangaji wa chini akasamehewa kodi mwezi mzima maana hakuwa na pa kulala. Na yule wa juu alisema mapema! Alifanya kila anachotakiwa kufanya mpangaji mzuri.

Kwahiyo taarifa ya maji inajibiwa siku hiyohiyo, nyingine zinaweza kungoja. Ukungu unaweza kuanza kuota kwenye kitu kilicholowa ndani ya saa 24 mpaka 48, ukikausha ndani ya muda huo umeokoa. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inadondosha matone 86,400 kwa siku, hiyo ni zaidi ya lita 20, ndoo nzima kila siku. Choo ni kibaya zaidi kwasababu kinavuja kimya, maji yanatoka kwenye tanki lake yanaingia kwenye bakuli bila sauti, kukigundua dondosha rangi yoyote ya chakula kwenye tanki, usivute, subiri robo saa, ukiona rangi imeingia kwenye bakuli ile raba ya chini imekwisha, ni kitu cha bei ndogo sana. Na kwa nyumba nzima, funga koki zote usiku soma mita, asubuhi kabla mtu hajafungua maji soma tena, namba ikiwa imesogea kuna mahali panavuja na bomba liko ardhini au ukutani hulioni.

Kuna vitu viwili visivyohusu hela. Kwenye boksi la umeme hakikisha kuna kile kikata umeme cha kuzuia mtu kupigwa shoti, cha miliampia 30, kina kitufe cha kujaribia, kibonyeze kila baada ya miezi michache kione kama kinakata. Na hita ya maji ya gesi isifungwe kamwe kwenye bafu lisilo na njia ya hewa na bomba la kutolea moshi nje, hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, mtu anaingia kuoga hatoki. Hapo usisubiri sheria ikuambie.

Kodi ikichelewa

Siku ya kwanza baada ya tarehe tuma ujumbe wa kawaida, bila ukali, kwa maandishi. Watu wengi wamesahau au mshahara umechelewa, na mtu aliyejibu na kutaja tarehe ni tofauti kabisa na aliyezima simu. Mkikubaliana alipe kwa awamu muandike kiasi na tarehe. Ikipita wiki mbili tatu bila kitu, barua rasmi kama mkataba na sheria vinavyosema, na uendelee na hatua, usikae miezi mitano ukisema atalipa, maana mtu aliyeshindwa kulipa mwezi mmoja akifika deni la miezi mitano hawezi tena hata akitaka, umemwacha azame.

Usibadilishe kitasa, usikate umeme wala maji, usitoe mlango wala vyombo vyake nje. Najua hasira inayokuwepo, deni lako na nyumba yako, lakini nchi nyingi hilo ni kosa, England kuna sheria ya 1977 inayolifanya jinai kabisa, na matokeo yake ni kwamba mwenye kudai anageuka mshitakiwa na mwenye deni analipwa fidia. Hata kuingia tu kukagua, mwambie kabla, saa 24 ndo kiwango kinachotumika sehemu nyingi, isipokuwa bomba limepasuka au kuna moto.

Ukinunua nyumba yenye mpangaji ndani usidhani mkataba wake umekufa na mauzo. Nchi nyingi nyumba inahama na mpangaji wake, unarithi kodi yake, muda wake na deni la depoziti yake. Kwahiyo kabla ya kulipa uone mkataba, uone risiti za kodi za miezi ya karibuni, zungumza na mpangaji mwenyewe kama anachosema kinafanana na anachosema muuzaji, na depoziti ikatwe kwenye bei ama ukabidhiwe siku ya kusaini. Nimeona mnunuzi akirudisha depoziti ambayo hakuwahi kuishika mkononi.

Bima nayo, ile ya mtu anayekaa kwenye nyumba yake mara nyingi hailipi ukishapangisha, waambie umebadilisha matumizi. Na soma kipengele cha nyumba tupu, mikataba mingi inapunguza au kuondoa kinga nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60, na hapohapo ndo bomba hupasuka bila mtu wa kuona.

Risiti zote tunza, kila koki, kila fundi. Sehemu nyingi serikali inakata kodi kwenye faida, kwahiyo gharama zenye ushahidi zinapunguza unachodaiwa, ila kutengeneza kilichoharibika na kuongeza kitu kipya havihesabiwi sawa, kubadilisha bati moja ni matengenezo ya mwaka huu, kujenga chumba cha ziada kunagawanywa kwa miaka mingi. Mlipe mtu wa mahesabu angalau mwaka wa kwanza akupangie daftari lako vizuri.

Na siku mpangaji anahama, pita naye tena chumba kwa chumba mkiwa na ile karatasi na zile picha za siku ya kuingia, soma mita, hesabu funguo zote, rudisha depoziti ndani ya siku zilizowekwa pamoja na mchanganuo wa ulichokata na risiti zake. Alafu badilisha vitasa kabla wa pili hajaingia, hujui funguo zilichongwa ngapi, chungulia chini ya kila sinki kwa tochi, na weka ile rangi kwenye tanki la choo usubiri robo saa.